Sayansi ya msingi: mishale ya mnyororo wa chakula inaelekea wapi?

Swali: Assalamu alaykum. Nasomesha sayansi darasa la nne katika skuli moja ya Wete, Pemba. Kila nikifika mada ya mnyororo wa chakula, watoto wanakariri "nyasi, swala, simba" kama wanavyokariri jedwali la kuzidisha, lakini nikiwataka watoe mfano wao wanakwama. Mishale nayo wanaichora kinyume, simba anamwelekea swala. Halafu mtoto mmoja akaniuliza: "Mwalimu, na sisi tunaliwa na nani?" Darasa zima likaangua kicheko, na mimi sikuwa na la kumjibu. Niwafundisheje?

Jibu: Waalaykumu salaam, mwalimu. Umeuliza matatu kwa pamoja. Tuanze na la mishale, maana hilo likikaa sawa mengine yanafuata.

Mtoto anayeutoa mshale kwa simba kuupeleka kwa swala anachora anachokiona kichwani: simba anafukuza, swala anafukuzwa, mshale unafuata mbio. Wewe unamtaka achore kitu chengine kabisa, yaani chakula kinakokwenda. Nyasi zinaingia tumboni mwa swala, nyama ya swala inaingia tumboni mwa simba. Dawa yake ni ya ulimi. Mtoto asichore mshale mpaka aseme kwa sauti "analiwa na" au "yanaliwa na". Kila akisema hivyo mara moja anachora mshale mmoja, na ncha yake inakuwa kwa mlaji. Akiteleza akasema "anakula", mshale utageuka, na mara nyingi wenziwe watamsahihisha kabla yako.

Sasa huyo simba. Pemba hakuna simba wala chui. Unguja chui walikuwepo, lakini baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanywa kampeni ya kuwaua, kwa kuwa watu waliamini wako wachawi wanaowafuga, na leo wataalamu wengi wanamhesabu chui wa Unguja kuwa ametoweka. Kwa hivyo mtoto wa Wete anapewa mfano wa wanyama ambao hajawaona, na yeye kila asubuhi anapita karibu na diko ambako mnyororo mzima umelazwa kwenye mkeka unauzwa kwa fungu. Atakwama vipi kutoa mfano? Kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa ule nao ni mfano.

Ningekuwa mimi, somo la kwanza ningelifanya na samaki wawili, tasi na chewa, na kisu.

Tasi kwanza umkate miba, kwa sababu mgongoni na tumboni ana miba yenye sumu na maumivu yake kila mvuvi anayajua. Kisha mpasue mbele ya watoto. Watakachokiona ni utumbo mwembamba, mrefu, uliojikunja mzunguko juu ya mzunguko, na ukiuminya unatoa rojo la kijani. Waache wanuse wakitaka. Huyu anakula majani ya bahari na mwani, na wale ambao mama zao wanalima mwani watakwambia wenyewe, maana tasi ndiye mwizi wa shamba lile, anang'ata ncha changa. Utumbo ni mrefu kwa sababu majani ni magumu kusagika, yanataka muda tumboni. Ng'ombe naye ana tumbo kubwa kwa sababu hiyohiyo.

Kisha chewa. Mdomo mpana kupita kiasi, meno madogo makali, tumbo kama mfuko, utumbo mfupi. Ukiwa na bahati utamkuta na gando la kaa au samaki mzima ndani yake, pengine tasi mtoto. Hapo huna haja ya kusema mengi. Majani ya bahari yanaliwa na tasi, tasi analiwa na chewa, chewa analiwa na sisi. Mishale mitatu, na kila mmoja wameuona kwa macho yao.

Atatokea mtoto atakayeuliza: na majani ya bahari yanakula nini? Msifu, kwa sababu hapo ndipo mnyororo unapoanzia. Majani hayali. Yanachukua mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni dayoksaidi, na humo yanajipikia sukari. Kazi hiyo inaitwa usanisinuru, na karibu kila anayekula duniani, wa nchi kavu au wa baharini, anaishi kwa jasho la mimea hiyo. Ndiyo maana mnyororo sahihi hauanzi na mnyama. Mtoto akikuandikia mnyororo unaoanza na dagaa, muulize tu: dagaa naye kala nini?

Na swali hilo la dagaa ni zuri zaidi, kwa sababu ukienda mkondo wa Pemba, baina ya kisiwa na Tanga, kina kinazidi mita 800 na chini huko hakuna jani hata moja. Mwanga haufiki. Basi dagaa, vibua na jodari wote wale wanaishi kwa nini? Majani yapo, ila hayaonekani. Maji ya juu ya bahari yamejaa mimea midogo mno, mingi yake huioni bila ya darubini, inayoelea tu na kupelekwa na mkondo. Tunaiita planktoni. Wako na wanyama wadogo wanaoelea pamoja nayo na kuila, na hao ndio chakula kikubwa cha dagaa. Dagaa analiwa na ngisi, ngisi analiwa na jodari au nguru. Watoto wa pwani wamekwishaiona planktoni bila ya kujua jina lake. Usiku wa giza, ukitia kasia au mkono majini, maji yanametameta kama yana cheche. Vile ni viumbe vidogo vya kundi hilo vinavyotoa mwanga vikitikiswa. Waulize nani ameona, mikono yote itanyanyuka.

Hapa ningewatajia papa potwe. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, hupindukia mita 12, na huonekana sana huko Mafia. Watoto watadhani anakula watu. Anakula planktoni na visamaki vidogo, anapita na mdomo wazi akichuja maji. Mtoto aliyezoea kuwa mkubwa humla wa kati na wa kati humla mdogo atashangaa, na mshangao huo una faida, kwa kuwa unamfundisha kuwa cheo kwenye mnyororo hakitokani na ukubwa wa mwili. Kinatokana na unachokula.

Tena hiyo ndiyo sababu potwe anaweza kuwa mkubwa vile, na inatufikisha kwenye jambo ambalo vitabu vingi vya skuli vinalipita mbio, nami naona ndilo tamu kuliko yote: kwa nini dagaa ni wengi na papa ni wachache?

Mpe mtoto hesabu hii. Yeye anakula wali kila siku. Mwaka mzima amekula magunia mangapi? Na uzito wake umeongezeka kilo ngapi? Mbili, tatu. Wali wote ule umekwenda wapi? Umekwenda kwenye kukimbia, kupumua, kuupasha mwili joto, kufikiri, na mwengine umetoka chooni. Kilichobaki mwilini kuwa nyama na mfupa ni kidogo. Samaki naye ni hivyohivyo. Kwa makisio ya jumla, sehemu kama moja ya kumi tu ya chakula ndiyo inayopanda kutoka hatua moja kwenda hatua ya juu yake. Wapo wanaopitisha zaidi na wapo wanaopitisha pungufu, lakini moja ya kumi inatosha kwa darasa la nne. Basi tuseme kuna kilo 10,000 za mimea midogo ya baharini. Inaliwa, zinapatikana kilo 1,000 za vijinyama vya planktoni. Vinaliwa, zinapatikana kilo 100 za dagaa. Dagaa wanaliwa, kilo 10 za ngisi. Ngisi wanaliwa, kilo 1 ya jodari. Kipande cha kilo moja cha jodari kwenye mchuzi wa mama kimeanzia kwenye tani 10 za mimea ya baharini. Waandike sifuri zile ubaoni wenyewe, wazifute mojamoja. Ni somo la sayansi na la hesabu kwa mpigo mmoja.

Ukishafika hapo, swali la kwa nini minyororo haina pete ishirini linajijibu lenyewe. Baada ya hatua nne au tano hakuna kilichobaki cha kumlisha mwengine.

Sasa yule mtoto na swali lake. Darasa lilicheka, lakini ameuliza swali la mtaalamu. Mjibu hivi: tunaliwa na mbu. Mbu jike anafyonza damu yetu ili atage mayai. Mbu analiwa na mjusi kafiri ukutani. Mjusi kafiri analiwa na paka. Tunaliwa na chawa na kunguni. Minyoo ya tumbo inakula ndani yetu, na mnyoo wa kichocho anaishi kwenye mishipa yetu ya damu, na hawa tunawaita vimelea, kwa sababu kwa kawaida wanakula bila ya kumuua papo hapo wanayemla. Pembe na makucha si sharti. Hebu mwambie achore mpunga, mtu, mbu, mjusi kafiri, paka, aone mshale unavyompita mtu ukaendelea mbele. Watoto wengi wanadhani mtu ni kituo cha mwisho, na ramani ya dunia yao inabadilika siku hiyo.

Na tukifa tunaliwa na udongo, kama wazee wanavyosema, na kisayansi wazee hawakukosea sana. Ndani ya udongo wamo bakteria na kuvu, ambao sisi tunawaita viozeshaji. Kila kilichokufa, jani, samaki au mtu, wanakivunja kiwe chembechembe ambazo mizizi inaweza kuzifyonza tena. Vitabu huwachora pembeni kwa herufi ndogo, kana kwamba ni wageni waalikwa. Kwenye mikoko, na Pemba mna mikoko mingi, hao ndio wenye nyumba. Jani bichi la mkoko lina tanini, kitu kikali kilekile kinachofanya magome ya mkandaa yafae kutia rangi na kuhifadhi ngozi, na wanyama wachache tu ndio wanaoliweza. Basi jani linakaa mtini mpaka linageuka manjano, linaanguka kwenye matope, na kaa wanaliburuta shimoni. Bakteria na kuvu wanalishambulia, linalainika, linakatika vipande. Sasa ndio linakuwa chakula cha kamba, cha kaa, cha visamaki vilivyojificha baina ya mizizi. Kutoka hapo hao nao wanaliwa na changu na chewa wadogo. Mnyororo huu haukuanza na jani bichi, umeanza na jani lililooza, na sehemu kubwa ya uhai wa mikokoni unakwenda kwa njia hiyo. Ukiwa karibu na mikoko, wapeleke maji yakipwa, wasimame kimya dakika chache, kaa watatoka wenyewe na mtaona majani yakitembea.

Na jongoo bahari, yule laini anayeokotwa na kukaushwa kuuzwa nje, anameza mchanga, anakula taka zilizomo na kuutoa mchanga safi. Siku zote ninamtetea mnyama huyu, maana hana sura ya kupendwa.

Baada ya hapo watoto wako watakuwa tayari kujua kwamba mnyororo ni picha iliyorahisishwa. Mfano wangu ni pweza. Anayekwenda kuwinda pweza wakati wa bamvua hamtafuti pweza mwenyewe, anatafuta rundo la maganda. Pweza hula kaa, kamba, kome na chaza, kisha hutupa magamba mlangoni mwa pango lake, na rundo lile ndilo linalomchongea. Mwanamke wa pwani akiliona anatia kijiti. Lete gunia la maganda hayo darasani na mtoto atakusomea karamu yote ya pweza. Lakini pweza naye ana adui, mkunga, samaki mrefu kama nyoka, anayeingia mapangoni na kumng'oa. Na chewa mkubwa naye humla pweza. Kwa hivyo pweza ana mishale mingi inayoingia kwake na mingi inayotoka, na ukichora viumbe wote wa mwamba mmoja ubao unajaa mishale inayokatana. Huo ndio utando wa chakula.

Mchezo mzuri hapo ni kufuta mnyama mmoja na kuuliza nani anafurahi, nani analia. Mfute pweza: kaa wanashangilia, mkunga ana njaa. Mfute kikande, yule samaki wa ngozi ngumu na meno ya kuvunjia magamba. Kikande ni miongoni mwa wachache wanaomweza nungubahari na miba yake yote. Utafiti uliofanywa kwenye miamba ya Kenya umeonyesha kuwa pale kikande walipovuliwa wakaisha, nungubahari walizidi mno, na wao hula majani ya bahari na kuutafuna mwamba. Majani yakiliwa, tasi anakosa. Mvuvi wa tasi, ambaye pengine hajavua kikande hata mmoja, anarudi na dema tupu na hajui kwa nini.

Watu wazima nao wanalitumia somo hili. Kisiwa Panza, huko kusini mwa Pemba, na katika baadhi ya vijiji vya Unguja, wavuvi wanakubaliana kufunga kipande cha mwamba miezi kadhaa, pweza asiguswe. Inafanya kazi kwa kuwa pweza anakua upesi, maisha yake yote ni kama mwaka mmoja hivi, na jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai yake bila ya kula, kisha hufa. Ukimtoa kabla ya kutaga umetoa kizazi kizima.

Nchi kavu sitakaa sana. Mna popo wa Pemba, ambaye hayupo pahala pengine popote duniani, na Kidike, wanakolala popo hao, si mbali kwenda na wanafunzi. Embe linaliwa na popo, mshale mmoja, ni rahisi. Ila waambie na linalobaki nje ya mshale: popo anabeba matunda, anaangusha mbegu mbali, na msitu unaota. Mshale wa chakula hauelezi kila kitu wanyama wanachofanyiana. Kunguru naye yumo kila uwanja. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ale taka, akaona mayai na vifaranga ni vitamu zaidi.

Liko jambo moja zaidi, na kwa Pemba siwezi kuliacha. Machi 2024 huko Kisiwa Panza walifariki watu 9, wanane kati yao watoto, baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Mwenyezi Mungu awarehemu. Wanafunzi wako wamesikia, wengine huenda wana jamaa huko, na bila shaka wamesikia na maneno mengi ya uongo juu yake. Wape maelezo ya kisayansi kwa utulivu. Sumu ile inaaminika kasa anaipata kwenye anachokula baharini, kama vile mimea fulani midogo yenye sumu. Yeye mwenyewe haimdhuru, inajikusanya mwilini mwake. Chakula kinapopanda mnyororo, sumu inapanda nacho. Kumpika hakuiondoi, na kwa macho huwezi kumjua kasa mwenye sumu na asiye nayo. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, ni habari hiyohiyo: sumu yake asili yake ni bakteria, na sehemu yake humfikia kwa njia ya chakula. Kwa hivyo mshale ule waliouchora ubaoni umebeba kila kilichomo ndani ya anayeliwa, kizuri na kibaya. Kasa ni marufuku kuliwa kisheria, lakini mtoto wa miaka kumi anaelewa mshale haraka kuliko sheria. Wazungumzie hili wakiwa wamekaa karibu nawe, na jibu kila swali hata likichukua kipindi kizima.

Kuhusu majina makubwa, mzalishaji, mlaji wa kwanza, mlaji wa pili, kiozeshaji, yatakuwemo kwenye mtihani na lazima wayajue. Yaache mwisho. Mtoto aliyekwishapasua tasi akaliona rojo la kijani, ukimwambia "huyu ndiye mlaji wa kwanza", amemaliza. Na mtihani ukileta swala na simba, wala asiogope: aseme "analiwa na", achore mshale, apite swali la pili.